Ubongo Hupungua Kabla Kumbukumbu Hazijapotea

Weka kidole juu kidogo ya sikio. Sentimita chache ndani ya fuvu, kila upande, mna sehemu ya ubongo iliyojikunja, ndogo kama kidole cha mwisho cha mkono. Madaktari wanaiita hipokampasi. Kila jambo jipya unalotaka kulikumbuka kesho, iwe jina la mgeni, deni la dukani au mahali ulipoweka funguo, hupitia hapo kwanza. Kwa mzee mwenye afya, sehemu hii hupungua kidogo kidogo, wastani wa asilimia 1.4 hivi kwa mwaka. Kwa mgonjwa wa Alzheimer hupungua kwa zaidi ya asilimia 4 kila mwaka. Mwenyewe hahisi kitu, na nyumbani hakuna anayeona. Lakini mashine inaona, na inachokiona kinatosha kutuambia kwamba uzee ni jambo moja na ugonjwa huu ni jambo lingine.

Ninasisitiza hilo kwa sababu katika familia nyingi za kwetu, mzee akianza kupotea njia ya kwenda kwenye shamba alilolilima maisha yake yote, maelezo huwa mafupi: ni uzee huo. Wengine husema amerudi utotoni. Kuna huruma katika kauli hizo, na mara nyingi husemwa na watu wanaompenda mzee wao kweli. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mzee hapelekwi hospitali, na wanawe, ambao huenda wako kwenye njia hiyo hiyo, hawaambiwi chochote.

Kazi ya hipokampasi ilijulikana kwa gharama kubwa. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari wa upasuaji William Scoville alimfanyia Henry Molaison operesheni ya kichwa. Molaison alikuwa kijana wa miaka 27 aliyeteswa na kifafa kisichosikia dawa, na daktari aliondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili. Degedege zilipungua sana. Lakini tangu siku hiyo hadi alipofariki mwaka 2008, Molaison hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya. Mwanasaikolojia Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alilazimika kujitambulisha kwake upya kila walipokutana. Ya utotoni aliyakumbuka, na alizungumza vizuri, kwa adabu na akili timamu. Kwa hiyo usishangae bibi anaposimulia harusi yake pamoja na nyimbo zilizoimbwa, kisha akakuuliza kwa mara ya tano kama umekula. Ya zamani yalikwishahifadhiwa kwingineko, ya leo ndiyo yanayokosa pa kupitia.

Aliyeuonyesha ugonjwa wenyewe ndani ya nyama ya ubongo ni Alois Alzheimer, daktari wa Kijerumani aliyefanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Frankfurt. Novemba 1901 alipokelewa hapo mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter. Mumewe, mfanyakazi wa reli, alikuwa ameshindwa kumtunza. Mkewe alishikwa na wivu usio na msingi, alificha vitu ovyo na kuhangaika usiku. Alzheimer aliketi naye akamhoji na kuandika majibu yake neno kwa neno. Alipoulizwa jina la mumewe, alitaja lake mwenyewe. Alipoulizwa anakula nini, nyama na koliflawa vikiwa mbele yake, alitaja mboga nyingine kabisa. Alipotakiwa kuandika jina lake alianza, akakwama, na akamwambia daktari kwamba amejipoteza.

Kilichomsumbua Alzheimer ni umri. Watu walizoea kuona wazee wa miaka 80 wakichanganyikiwa, na walilikubali hilo kama majani ya vuli. Huyu alikuwa na miaka 51. Auguste alipofariki Aprili 1906, Alzheimer alikuwa amehamia Munich, akaomba aletewe ubongo wake. Chini ya darubini alikuta gamba la ubongo limesinyaa na seli nyingi zimetoweka. Katikati ya seli zilizobaki kulikuwa na mabonge ya uchafu, na ndani ya seli nyingi kulikuwa na nyuzi nzito zilizosokotana. Mabonge hayo leo tunajua yametengenezwa na protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini nyingine iitwayo tau. Tarehe 3 Novemba 1906 alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen akaeleza alichokiona. Hakuna aliyeuliza swali. Ilichukua hadi mwaka 1910 kwa Emil Kraepelin, mkuu wake wa kazi, kuuingiza ugonjwa huo katika kitabu chake cha tiba ya akili akiupa jina la Alzheimer.

Ukimya wa siku ile mjini Tübingen unanigusa. Mwanamke aliyehesabiwa kuwa na wazimu alikuwa ameonyeshwa kuwa mgonjwa, kwa ushahidi unaoonekana kwa macho, na waliokuwapo hawakuona cha kuuliza.

Miaka 85 baadaye, katika mji ule ule wa Frankfurt, mke na mume Eva na Heiko Braak walichunguza bongo za marehemu wengi na kugundua kwamba nyuzi za tau hazienei ovyo. Mwaka 1991 walichapisha ramani yenye hatua sita. Katika hatua mbili za kwanza nyuzi hujikusanya kwenye gamba jembamba linalopakana na hipokampasi, lango la kuingilia humo, na mtu bado hana dalili yoyote. Katika hatua ya tatu na ya nne zinaingia kwenye hipokampasi yenyewe na maeneo ya jirani. Katika mbili za mwisho zinatapakaa kwenye gamba pana la ubongo, kwenye maeneo ya lugha, ya uamuzi, ya kutambua nyuso. Maeneo ya kuona na ya kuamuru viungo hufikiwa mwisho kabisa. Aliyewahi kumuuguza mzee mwenye ugonjwa huu ataitambua njia hiyo bila kuonyeshwa ramani, maana huanza kusahau ya jana, kisha maneno yanakosekana, pesa zinamshinda kuhesabu, njia inapotea, mtoto wa kumzaa anaitwa kwa jina la ndugu aliyekufa zamani, na mwisho kuoga na kumeza chakula vinakuwa kazi.

Kwa kuwa seli hufa kwa mpangilio, sehemu zilizokufa husinyaa kwa mpangilio pia, na hapo ndipo picha za MRI zinaposaidia. Mwaka 1992 Philip Scheltens na wenzake wa Uholanzi walitoa kipimo rahisi ambacho daktari wa mionzi anaweza kukitumia kwa macho tu. Anaangalia hipokampasi na nafasi za maji zinazoizunguka, kisha anatoa alama kuanzia 0 hadi 4. Hipokampasi ikinywea, vyumba vya maji vya jirani hutanuka kuziba pengo. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo duniani kote. Hakihitaji programu ya bei kubwa, kinahitaji jicho lililofundishwa na picha iliyopigwa kwa pembe sahihi. Ni lazima pia umri wa mgonjwa uzingatiwe, kwa sababu alama 2 kwa mtu wa miaka 60 ni habari mbaya, na kwa mwenye miaka 85 huenda isiwe na uzito mkubwa.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni lini mabadiliko haya huanza. Zipo familia chache duniani zinazorithi jeni ambayo karibu bila kukosa huleta Alzheimer, tena mapema, kwa umri unaokaribiana na ule wa mzazi. Kwa kuwa umri wa kuugua unakisiwa, watafiti waliweza kuwapima watoto wa familia hizo na kuhesabu miaka kwa kurudi nyuma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba amiloidi katika maji ya uti wa mgongo huanza kubadilika miaka 25 hivi kabla ya dalili. Ubongo huanza kusinyaa kwa kasi miaka 15 kabla. Kumbukumbu za matukio hufifia miaka 10 kabla, kiasi kinachoonekana kwenye mtihani wa kitaalamu tu. Alzheimer ya kawaida, ile ya uzeeni, hairithiwi kwa namna hiyo, lakini nayo hutangulia kwa miaka mingi, pengine makumi. Basi anayeanza kusahau akiwa na miaka 70 huenda ugonjwa wake ulianza akiwa na miaka 50, akiwa bado kazini, akisomesha watoto na kulala saa tano kwa usiku.

Hapo ndipo msomaji wa miaka 45 anapopaswa kuacha kudhani kwamba habari hii ni ya babu yake.

Hata hivyo picha ya ubongo peke yake haimwelezi mtu, na hili lilithibitishwa na watawa. Mwaka 1986 David Snowdon wa Marekani alianza kuwafuatilia masista Wakatoliki wa shirika la School Sisters of Notre Dame. Masista 678 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walikubali kupimwa akili kila mwaka na kutoa bongo zao zichunguzwe baada ya kufa. Waliishi karibu sawa, chakula cha aina moja, nyumba za aina moja, bila sigara, jambo ambalo ni nadra kulipata katika utafiti wa binadamu. Mmoja wao, anayejulikana katika maandishi hayo kama Sista Mary, alifariki akiwa na zaidi ya miaka 101 na alifanya vizuri katika mitihani yake hadi mwisho. Ubongo wake ulipofunguliwa ulikutwa umejaa amiloidi na nyuzi za tau. Alikuwa na ugonjwa, lakini hakuwa mgonjwa.

Matokeo ya mwaka 1997 ya utafiti huo huo ndiyo ninayotamani kila zahanati iyabandike ukutani. Miongoni mwa masista waliokuwa na alama za Alzheimer kwenye ubongo, wale waliokuwa pia na viharusi vidogo vidogo katika sehemu za ndani walikuwa kwenye hatari kubwa mno ya kuwa na dimenshia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, walipokuwa hai. Wenye alama za Alzheimer bila viharusi hivyo, hatari yao ilikuwa ndogo zaidi. Viharusi hivi ni vidogo sana. Havipindishi mdomo wala kulemaza mkono, na mtu anaweza kupata kadhaa asijue. Huziba vijishipa vyembamba vinavyolisha kina cha ubongo, na chanzo chake kikubwa ni presha ya damu iliyoachwa bila dawa kwa miaka.

Hatuna uwezo wa kuzuia amiloidi isijikusanye kichwani kwa mtu mwenye miaka 50 wa Tabora au Kakamega. Presha yake tunaweza kuipima kwa dakika tano, na dawa zake za kawaida si za bei ya kutisha. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulilinganisha watu waliotibiwa hadi presha ya juu ikashuka chini ya 120 na wale walioachwa kwenye lengo la kawaida la chini ya 140. Kundi la kwanza walipata upungufu mdogo wa akili, ule unaotangulia dimenshia, kwa kiwango kilichokuwa chini kwa asilimia 19. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 ambayo, yakidhibitiwa tangu utoto hadi uzeeni, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani. Presha na kisukari yamo, na sigara, pombe ya kupindukia, hewa chafu, kukosa shule, upweke. Yamo pia masikio na macho yasiyotibiwa, mambo mawili ambayo kwetu tunayaona ni ya kuvumilia tu. Mzee asiyesikia huacha kuzungumza na watu, na ubongo usiozungumzishwa hukosa kazi.

Wapo wanaosema Alzheimer ni ugonjwa wa Wazungu. Ukweli una pande mbili. Utafiti wa miaka mingi uliolinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis ulikuta mwaka 2001 kwamba wagonjwa wapya wa Alzheimer Ibadan walikuwa chini ya nusu ya wale wa Indianapolis. Huko Bolivia, watu wa jamii ya Tsimane, wanaoishi kwa kulima, kuwinda na kuvua, walipigwa picha za CT-scan, na bongo zao zilionekana kupungua kwa umri polepole sana kuliko za watu wa Ulaya na Marekani. Watafiti wanahusisha hilo na mioyo na mishipa yao yenye afya. Kwa hiyo maisha ya kufanya kazi kwa mwili yana kinga yake.

Lakini ugonjwa upo. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, nyumba kwa nyumba, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Hicho si kiwango cha kubeza, na wazee wa Tanzania wanaongezeka.

Kazi ya Hai ilikuwa na jambo jingine ambalo ninalithamini kuliko takwimu zake. Mitihani ya kumbukumbu inayotumika Ulaya humtaka mtu aandike sentensi, achore maumbo, atamke herufi za neno kutoka nyuma kwenda mbele. Bibi ambaye hakupelekwa shule atashindwa hata kama akili yake ni kali kuliko ya mjukuu wake mwenye shahada. Watafiti wakatengeneza mtihani mwingine, uitwao IDEA. Mzee anasomewa maneno kumi na baadaye anaulizwa anayoyakumbuka. Anataja wanyama wengi awezavyo. Anaeleza daraja ni nini. Kisha mpimaji anapanga vijiti vya kiberiti kwa umbo fulani na mzee anatakiwa kuupanga mfano wake. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuufanya kwa dakika chache, bila umeme na bila kalamu. Hipokampasi inayonywea hujitokeza katika yale maneno kumi, karibu kama inavyojitokeza kwenye picha.

Umuhimu wa vipimo vya namna hii unazidi pale ambapo kuchanganyikiwa kwa mzee kunapewa tafsiri nyingine. Katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania wamekwishauawa vikongwe wengi kwa kudhaniwa wachawi, wakiwemo wenye macho mekundu kutokana na moshi wa jikoni walikopikia maisha yao yote. Mzee mwenye dimenshia hutoka usiku. Huzungumza na waliokufa. Humtuhumu jirani kwa wizi wa kitu alichokificha mwenyewe, huvua nguo hadharani. Kila moja ya tabia hizo ina mahali pake kwenye ramani ya akina Braak. Kijiji kisicho na ramani hiyo kitatafuta ufafanuzi kwa mganga, na ufafanuzi huo unaweza kumwondolea bibi maisha.

Familia zikishaelewa kwamba huenda ni ugonjwa, huniuliza kuhusu mashine. Je, lazima MRI? Mara nyingi, hapana. Kipimo kinachostahili kutangulia ni CT-scan, ambayo siku hizi ipo katika hospitali nyingi zaidi, na sababu yake kubwa ni kutafuta yanayotibika. Mzee alianguka bafuni wiki sita zilizopita, akainuka, akaendelea na shughuli, na sasa anachanganyikiwa. Huenda damu imevilia kati ya fuvu na ubongo, na daktari wa upasuaji anaweza kuitoa. Huenda maji yamejaa kichwani, huenda kuna uvimbe. Pamoja na picha, apimwe damu: tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU. Aulizwe kuhusu sonona, kwa sababu mjane aliyekata tamaa anaweza kuonekana kama aliyepoteza akili. Dawa anazomeza zikaguliwe zote, pamoja na zile za usingizi alizonunua mwenyewe. Na ikiwa alichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, atafutwe maambukizi, malaria au mkojo mchafu, haraka. Alzheimer haiji ghafla.

Kwa mtu asiye na dalili yoyote, kulipia MRI ili ajue kama atakuja kuugua ni kutupa fedha. Picha itamwonyesha ubongo wa siku ile, na hakuna daktari atakayeweza kumtabiria kwa hiyo.

Dawa mpya zimekuja na matumaini yenye masharti. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kikamilifu lecanemab, inayosafisha amiloidi. Kwa miezi 18 ilipunguza kasi ya kuzorota kwa asilimia 27, bila kusimamisha ugonjwa. Huwafaa walio mwanzoni tu, ilipoidhinishwa ilitolewa kwa dripu, na mgonjwa lazima apigwe MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Jambo la kushangaza, bongo za waliotumia dawa za aina hii zimeonekana kupungua ukubwa zaidi kuliko za wasiozitumia, na wanasayansi bado wanabishana kuhusu maana yake. Mei 2025, huko huko Marekani, kiliidhinishwa kipimo cha damu kinachosaidia kutambua amiloidi kwa wenye dalili. Kwa nchi zetu, naona kipimo hicho cha damu kinaweza kuwa na faida kubwa kuliko dawa yenyewe, siku bei yake itakaposhuka, kwani sampuli ya damu husafirishwa na MRI haisafirishwi.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna yaliyokwishajaribiwa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120 waliogawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitembea kwa kasi mara tatu kwa wiki kwa mwaka mzima, na hipokampasi zao ziliongezeka kwa asilimia 2. Kundi la kunyoosha viungo tu, zao zilipungua kwa asilimia 1.4. Na Hai, wazee waliokwishathibitika kuwa na dimenshia walikusanywa vijijini kwao kwa vikao 14 vya wiki saba, wakizungumza kuhusu vyakula, utoto, kazi za zamani, wakicheza na kuimba pamoja, wakiongozwa na wahudumu wa afya waliofundishwa kazi hiyo. Walipopimwa baada ya vikao, kumbukumbu na uwezo wao wa kufikiri vilikuwa vimepanda, na wasiwasi wao umepungua. Mpango huo hauhitaji dawa wala mashine. Unahitaji wilaya imlipe mtu wa kuuongoza, na familia imlete mzee wao.